Chelangat Kwenye Mizani ya Chai

Jumatatu, 3 Juni 1996
Uji wa wimbi saa moja asubuhi, maziwa mengi. Chelangat amemaliza nusu kikombe. Nusu nyingine nilimsimamia mpaka ikaisha. Ana miaka minane na anakunja uso kama mzee aliyenyimwa chai.

Wiki jana daktari alisema kansa ya damu imeshinda dawa, tumrudishe nyumbani Boito tukae naye. Baba yake alilia pale pale. Mimi sikulia. Daktari si Mungu. Mtoto akifika kilo ishirini namrudisha hospitali, waanze dawa upya. Nimeamua.

Jumanne, 4 Juni
Tumempima kituoni, pale tunapopimia majani ya chai. Aliketi ndani ya kikapu, kikaning'inizwa kwenye ndoano. Karani akatoa uzito wa kikapu kama kawaida. Kilo kumi na saba. Wachumaji walimshangilia, naye akawapungia mkono kama mheshimiwa. Tunaanzia hapo.

Alhamisi, 6 Juni
Kumi na nane na nusu! Haba na haba hujaza kibaba. Nilianza kumwita baba yake nikiwa bado barabarani. Nimefunga nguo za hospitali. Chelangat alizitazama, akajifunika koti la baba yake.

Ijumaa, 7 Juni
Ishirini kamili. Nikapiga vigelegele. Karani hakuandika. Alipapasa lile koti, ambalo Chelangat alikuwa amelivaa, akatoa mawe manne mifukoni. Mtoto aliyaokota hapo kituoni nikiwa kwenye foleni, kama alivyofanya Alhamisi.

"Mama Chelangat, hata mtoto pia mnawekea mawe, kama majani?"

Watu walicheka, kisha wakaacha. Bila mawe ni kumi na sita.

Nilikasirika sana. Njiani nikamuuliza kwa nini.

"Nilitaka ufurahi. Na hiyo uji iishe."

Nimembeba mgongoni wiki nzima. Mgongo ulijua anapungua. Mimi ndiye niliyekataa kusikia. Nimekuwa mjinga, tena mjinga mwenye kelele.

Jumapili, 9 Juni
Sikuenda kanisani. Hakuna uji. Nguo zimerudi kabatini. Amekula kiazi kimoja kwa hiari yake, tukakaa nje.

Aliniuliza kama atakufa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nitakuwepo. Nikasema nitakuwepo. Hilo sihitaji kumuuliza daktari.

Akafikiri kidogo. Kisha akaniambia nisogee, ninamkingia jua.