Chetezo na Kufuli

Bagamoyo, Jumatatu

Mama yangu kipenzi wa Pangani,

Shikamoo. Miguu yaendeleaje? Na mdogo wangu Rehema na kichanga chake, arobaini inakwendaje? Sisi tu hai, alhamdulillahi, lakini ni uzima wa kunusurika. Mama, kabla hujaendelea kusoma, inuka ukatoe chetezo mvunguni mwa kitanda cha Rehema. Kitoe kwanza.

Juzi alasiri tulikuwa tunajiandaa kwenda harusini. Nikawaogesha wajukuu zako, Zuhura na Hamisi. Nikatia makaa chetezoni, udi juu yake, nikafunika tenga, nikatandaza nguo zao. Madirisha nikayafunga moshi usipotee, kama ulivyonifunza. Na wao nikawaacha humo humo wanukie, nikatia kufuli kwa nje wasije wakatoka kugaragara mchangani. Mmoja miaka sita, mmoja mitatu, mama! Mimi huyoo, kwa jirani yangu Bi Tatu kusukwa.

Moshi niliuona ukipenya kwenye makuti. Wallahi niliuona. Bi Tatu akanusa, akacheka: "Shoga, leo umefukiza hasa, mtaa mzima tunanukia!" Nami nikajiona. Mpaka harufu ikageuka, ikawa ya nguo inayoungua.

Nikakimbia. Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga, na fundo halifunguki. Nikaling'ata kwa meno. Bi Tatu anaupiga mlango mateke na mayowe juu. Ndani kimya.

Mlango ulipofunguka, tenga linawaka, mkeka unawaka, moto umeshika pazia. Naita, hawaitiki. Bi Tatu akamwaga mtungi mzima wa maji, mimi nikaingia nikipapasa. Nikawakuta mvunguni, Zuhura amemziba mdogo wake mdomo kwa kiganja. Nilipomvuta akalia, "Mama usinipige, si mimi niliyeangusha chetezo!" Walinisikia muda wote. Walidhani nawaita niwachape.

Hamisi ameungua paja. Daktari anasema atapona, ila kila wakimbadilisha bandeji analia mpaka sauti inamkauka. Baba yake hajanigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sikulaumu, mama, nawe ndivyo ulivyolelewa. Lakini kichanga cha Rehema hata kutambaa hakijui. Makaa yakae uani, mtu mzima ayaangalie mpaka yazimike, na mlango usifungwe kwa nje mtoto akiwa ndani. Najua utasema Mwanaidi amekuwa mjuaji siku hizi. Sema, mradi hicho chetezo utakitoa.

Nisalimie baba na kikohozi chake, shangazi mshona kofia, na mjomba wetu mwadhini, aniombee. Bi Tatu naye anakuamkia.

Nimemwahidi Zuhura kumleta kwako arobaini ikiisha. Akanitazama, akaniuliza, "Kwa bibi kuna kufuli?" Mjibu wewe, mama, kwa barua, nimsomee.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi