Miguu Imekubali, Uso Unakataa

Jumamosi, 3 Mei

Nina miaka arobaini na nne na leo nimecheza ngoma ya vijana wa mtaani. Niandike haraka kabla sijajikana.

Ilikuwa hivi. Binti wa dada yangu, anayeishi kwetu, alisahau simu. Nikampelekea kwenye yadi ya kuchomelea mageti. Nakuta watu kumi hivi wameweka duara, spika inanguruma, na katikati kijana anakanyaga chini kwa nguvu, anatutumua kifua, anarusha mikono kama kavamiwa na nyuki. Wenzake wanampigia kelele usoni. Nikajua ugomvi huo! Nikaanza kutafuta mlango. Mara kamaliza — wanakumbatiana. Kumbe ndiyo ngoma yenyewe. Inaitwa krampu. Hatua ni chache, zilizobaki unazitoa rohoni mwako.

Mwenye yadi ndiye kiongozi wao. Mwanamke, mchomeleaji, wanamwita Kishindo. Akaniangalia miguuni. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga bila ruhusa yangu! Akasema mguu huo una maneno, uletwe ndani. Nikaingia na mkoba begani.

Dakika mbili tu. Nimefurahi kama mwehu.

Jumapili, 4 Mei

Magoti! Mapaja! Nimeshuka kitandani kwa awamu.

Mume wangu kauliza nimeanguka wapi. Nikamwambia ukweli. Kacheka hadi chai ikamtokea puani. Kisha kanikanda miguu kwa maji moto, huku bado anacheka. Mume mzuri huyu, ila kicheko chake kinaudhi.

Jumatano, 7 Mei

Mazoezi baada ya kazi. Wote wananiita Mamdogo, kwa kuwa Binti ananiita hivyo. Hata mmoja wao mwenye ndevu kifuani!

Kukanyaga naweza. Kifua kinaanza kutii. Lakini Kishindo kasimamisha muziki, kaniuliza nacheka nini. Nikasema sicheki. Akasema nacheka. Sicheki! Wakanirekodi kwa simu, wakanionyesha.

Mungu wangu. Miguu inagomba, mikono inagomba, na juu yake uso umekenua meno kama unapokea wageni. Mwili unasema toka, uso unasema karibu sana. Binti alicheka hadi akakaa chini.

Najua uso huo ulikotoka. Miaka kumi na mmoja niko mapokezi kwa daktari wa meno. Mwaka wa kwanza nilianguka ngazini, meno mawili ya mbele yakaenda. Daktari akanitengenezea mengine bure, mazuri kuliko ya Mungu. Kisha akanipiga picha, akaniweka kwenye bango mlangoni. Tangu hapo kazi yangu ni kukenua. Mgonjwa analia, nakenua. Mgonjwa ananitukana, nakenua. Sikujua kama nimesahau kuufunga mdomo.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimeingia duarani rasmi. Wana desturi yao: aliye katikati akicheza kwa ukweli, wanampigia kelele, wanampandisha mori. Akidanganya, wananyamaza. Hawazomei, wananyamaza tu.

Nikaingia. Nikakanyaga vizuri, nikatoa kifua, nikarusha mikono. Sikukosea hata hatua moja.

Kimya. Nilisikia hadi kuku wa jirani.

Kishindo akanishika bega. Hatua zote ziko sawa, akasema, lakini hakuna ninayemwambia kitu. Nirudi Jumamosi ijayo, saa nne. Yule mwenye ndevu kaniletea maji na kiti. Yeye alinyamaziwa mara tano!

Ajabu ni kwamba sikuumia. Nimerudi nyumbani naimba, nikaosha vyombo ambavyo si zamu yangu. Nakitaka kile kishindo chao. Nakitaka kweli, kuliko kitu chochote nilichotaka miaka hii. Jumamosi, saa nne.

Jumatatu, 12 Mei

Mdomo huu! Mdomo huu!

Daktari katoka chumbani anajifuta mikono, kasema kuanzia wiki hii tunafungua na Jumamosi, kutwa nzima. Hakuuliza. Akasema, "Najua wewe huna shida."

Na mimi? Meno yote nje. "Hakuna shida, daktari."

Hakuna shida! Nikaenda stoo, nikajifungia, nikakanyaga hadi boksi la glavu likaanguka kutoka kwenye rafu. Msafishaji akagonga kuuliza kama ni panya.

Jumanne, 13 Mei

Binti anasema nimwambie tu hapana. Rahisi kwake, ana miaka ishirini, hata mimi hunipa hapana mbili kwa siku.

Lakini mtu kanipa meno. Nisije nikaambiwa fadhila za punda ni mateke.

Mume wangu alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, nikadhani hasikii. Akasema, bila kuinua kichwa, daktari alinipa meno, hakuninunua. Akaendelea kusahihisha.

Jumatano, 14 Mei

Kishindo kaja na ujanja. Kachukua mtandio wangu, kanifunga kuanzia puani hadi kidevuni. Kasema leo mdomo umefiwa, uachwe nyumbani. Nicheze neno moja tu: hapana.

Muziki ukaanza. Nikamwona daktari kichwani mwangu, anajifuta mikono. Najua wewe huna shida. Basi! Sijui nilifanya nini. Najua mguu uliniuma, najua kifua kilipasuka kikatoa kitu, najua wale watoto walilipuka kelele na yule mwenye ndevu alivua kofia akaitupa chini. Nilikuwa nalia ndani ya mtandio, na nilikuwa mzima kabisa. Sijawahi kuwa mzima hivyo.

Kishindo kanikumbatia hadi mbavu zikalia. Kisha kasema Jumamosi bila mtandio.

Sikumwambia kwamba Jumamosi nitakuwa kazini.

Ijumaa, 16 Mei

Nimejaribu mara tatu.

Asubuhi: "Daktari, naomba..." Akainua macho. Nikamaliza kwa kumuuliza chai au kahawa. Mchana vilevile. Jioni vilevile. Vikombe vitatu mezani kwake, akasema leo namjali sana.

Mjinga mimi. Saa ya chakula nililala kwenye kiti cha wagonjwa kwa hasira.

Jumamosi, 17 Mei

Saa mbili na nusu asubuhi. Niko kazini. Sare imepigwa pasi, daftari hili nimelificha chini ya kitabu cha miadi. Mgonjwa mmoja tu, mzee mwenye shavu lililovimba. Binti kapita mlangoni na spika begani. Kaitazama sare yangu, kaenda zake. Afadhali angesema.

Saa tatu. Nimesema!!

Daktari alikuja kuchukua faili la mzee. Nikasimama. Nilihisi midomo inataka kufunguka kama kawaida yake — nikaiuma. Nikasema: "Daktari, Jumamosi siwezi. Si leo tu. Jumamosi zote."

Akaja karibu, akainamisha kichwa, akauliza kwa huruma kabisa:

"Unaumwa jino?"

Thubutu! Nilikaribia kucheka. Sikucheka. Nikasema siumwi popote.

"Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Ndio uso wangu, daktari. Pole, hamjawahi kukutana."

Mzee akatoa mkono shavuni ili asikie vizuri.

Daktari akauliza nina nini Jumamosi cha kunishinda kuja kazini. Nikasema nacheza. Nacheza nini? Nikaanza kueleza. Kifua, mguu, mwanamke anayechomelea mageti... nikasikika kama mlevi. Akasema basi amalize jino la mzee kwanza, kisha nimwonyeshe hiyo ngoma inayozidi kazi, naye ataamua. Sijui kama alikuwa anatania. Nadhani hata yeye hajui.

Saa tatu na nusu. Mashine ya jino imezima. Naandika mbio, mwandiko huu kesho sitausoma. Hapa hakuna spika, hakuna wa kunipigia kelele, na mtandio uko nyumbani. Mzee katoka chumbani kwa daktari, shavu limekufa ganzi, nimemwandikia miadi. Anakataa kuondoka. Kakaa pale pembeni, kakunja nne.

Nasikia bomba, daktari ananawa. Viti vya wagonjwa nimeshavisogeza ukutani. Viatu nimevua. Neno ni lile lile moja: hapana. Maji yamekatika, anakuja huku