Tsvetko Kwenye Pipa la Zabibu

Dolna Krusha,
14 Septemba 2004

Mpendwa wifi Nevena,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Milko. Mgongo umepoa, au bado mnachuma zabibu za watu kutwa mmeinama? Sisi tupo. Mama anatembea kwa fimbo, lakini sauti yake ni ileile.

Jumamosi tulipeleka makaburini ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile ya kuwakumbuka wafu, maana kaka yako Tsvetko ametimiza miezi sita tangu atutoke. Niliweka na sigara moja. Padri alinitazama vibaya.

Ile filamu ya kuchekesha waliyoitengeneza hapa mwaka jana imeletwa kuonyeshwa ukumbini kwetu. Unaikumbuka, ya mjane tajiri wa kiwanda cha soseji anayempenda msafisha mabomba ya moshi. Tsvetko aliigiza mposaji mwenye tamaa. Bango lenye uso wake walilibandika ukutani kwa muoka mikate, kando ya tangazo la kifo chake lenye picha. Nyuso mbili za mume wangu, moja ina masharubu ya bandia. Mama alilichana bango kwa kucha.

"Hawatamcheka mwanangu akiwa udongoni," aliniambia. "Na wewe Rumyana, ukienda kule, usirudi kwangu."

Wifi, unajua sina kwingine. Lakini sauti ya Tsvetko nilikuwa nimeanza kuisahau. Picha ninazo, sauti sina. Nikajifunga kitambaa changu cheusi, nikaenda.

Nilikaa nyuma kabisa. Kabla taa hazijazimwa, mlango ukafunguka: Mama na fimbo yake. Alinipita kama hanioni, akafika mstari wa mbele, akawageukia watu.

"Mwanangu akitokea, nitakayemsikia anacheka atanijua!"

Filamu ikaanza, watu wakachekea viganjani. Kisha Tsvetko akaingia, jogoo kwapani.

"Bibie, mimi siangalii mali," akamwambia mjane. "Lakini hizo soseji… zote zako?"

Sauti yake, wifi. Ileile ya kuniuliza kama kahawa ipo.

Hakuna aliyecheka. Akatumbukia kwenye pipa la zabibu, jogoo akaruka, yeye akaibuka na zabibu masikioni, akatupungia mkono. Kimya. Sijawahi kumwona mpweke namna ile, hata siku tuliyomzika.

Fimbo ikagonga sakafu. Nilijua anakwenda kuzima mashine.

"Mbona mmenuna?" Mama alikuwa amesimama. "Alitumbukia mara nne siku ile ili nyinyi mcheke! Suruali niliifua mimi, doa halikutoka! Chekeni, mawe nyie!"

Dimo muoka mikate akaguna, akashindwa kujizuia, na ukumbi mzima ukalipuka. Mama alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Mimi nililia na kucheka, sikujua kipi ni kipi.

Mlangoni alinishika mkono kwa nguvu.

"Twende nyumbani," akasema. "Na yule jogoo alikuwa wangu. Wale watu wa filamu hawakunirudishia."

Msalimie sana shemeji Milko, na mbusu Kalina kwa niaba ya bibi yake. Dimo naye anakusalimu. Mungu awatunze huko ugenini, awarudishe mkiwa na afya.

Ukiwa shambani, zabibu zikikuchafua mikono, utukumbuke sisi watatu: Mama, mimi, na yule wa kwenye pipa.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,
Rumyana