Simu Uliyopiga Saa Tatu

Detlef,

Samaki wa siki wako kwenye friji, viazi chemsha mwenyewe. Mfuko wa njano wa taka utoe nje, wanapita kesho alfajiri. ~~Insa umchukue kwenye somo la fidla saa kumi.~~ Insa nitamchukua mimi.

Leo asubuhi saa tatu ulipiga simu benki. Niliyepokea ni mimi. Ukasema, "Dada, mfute mke wangu kwenye akaunti yangu ya hisa, umwandike Wiebke Thoms. Mke wangu hajui hata hisa ni kitu gani." Nikakuuliza kama una hakika. Ukacheka: "Kabisa, dada. Na barua msitume nyumbani."

Miaka kumi na moja nawanunulia na kuwauzia watu hisa kwenye simu ile. Miaka kumi na sita nalala ubavuni mwako. Hukuitambua sauti yangu.

Barua sikutuma. Fomu nimekuletea kwa mkono, iko chini ya chupa ya chumvi. Tia sahihi penye alama ya kalamu nyekundu.

Wiebke naye anatakiwa atie sahihi, kwa hiyo nilimpigia. Nilipomwambia mimi ni mkeo, alianza kulia. Kumbe ulimwambia nilikufa kwa saratani mwaka juzi, na kwamba ulinishika mkono hadi mwisho.

Anasema asante, lakini hatatia sahihi.

Shati lako la bluu bado limelowa.

Marehemu mkeo,
Gesine