Kwa Nini Nyanjige Ni Elfu Tano

Mkuyuni, Mwanza
9 Februari 2016

Kwa Mjomba Obedi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mama Winnie kifua chake kimepungua. Sisi huku hatujambo, kwa maana tunakula na tunalala. Mengine utayasoma.

Nakuandikia barua kwa sababu simu zako sitazipokea. Ukinipigia utaniita mayu, yaani mama, kama ulivyokuwa ukimwita marehemu dada yako, na hasira itaniisha. Hasira hii naitaka ibaki.

Jumamosi nilivuka kuja huko kumwona mgonjwa hospitalini. Wakati wa kurudi, nikisubiri kivuko pale Busisi, mchuuzi mmoja alinitandazia sidii zake. "Dada, chukua hii, filamu nane kwa buku, elfu moja tu." Ya tatu kwenye orodha ilikuwa Zamu ya Nyanjige. Filamu yangu, Mjomba. Ilikuwa na siku kumi na sita tangu iingie dukani.

Nikamwuliza, "Unamjua aliyeitengeneza hii?"

Akacheka. "Wabongo tu hao, dada."

Nikainunua. Nyuma ya kava kuna muhuri: Obedi Video, Sengerema. Nilijiambia ni Obedi mwingine, mpaka nikasoma namba ya simu. Namba hiyo niliikariri nikiwa darasa la sita, ili nikipotea niwape watu wakupigie.

Nimeitazama mpaka mwisho. Mwisho wenyewe haupo. Majina ya watu wangu wote umeyakata ili filamu nane zienee.

Nakala ya kwanza kabisa nilikuletea kwa mkono wangu, zawadi. Je, ndiyo hiyo uliyoichoma, ukaitolea nakala? Nijibu hilo tu.

Mpwa wako,
Tereza


Sengerema
17 Februari 2016

Kwa mpwa wangu Tereza,

Marahaba. Mama Winnie anakusalimu, kifua ni kile kile. Mimi mgongo tu, nao si wa kuandikia barua.

Ndiyo, ni hiyo hiyo. Ningechoma ipi nyingine?

Sasa na mimi nina swali. Sidii tupu nainunua hapo hapo kwenu Mkuyuni kwa shilingi mia tatu. Kava ni karatasi. Nyie mnaiuza elfu tano. Hiyo nyingine yote ni ya nini? Au ni ya yule Mhindi wako Naushad anayewasambazia? Mkulima wa pamba wa huku hataacha chumvi na mafuta ya taa ili anunue Nyanjige. Mimi sijakuibia mteja, mayu. Huyo mteja hukuwa naye.

Na kingine. Zile sinema ulizokuwa ukitazama bandani kwangu, umekaa juu ya kreti la soda mpaka miguu inakufa ganzi, ulidhani nilizitoa wapi? Zote zilikuwa za kuchoma. Ada yako ya sekondari ilitoka humo humo. Hata hamu ya kushika kamera uliipata kwenye banda langu, wala si kwa mwalimu yeyote.

Neno mwizi hukuliandika, lakini nimelisoma.

Mjomba wako,
Obedi


Mkuyuni, Mwanza
2 Machi 2016

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mpe pole mama Winnie. Naandika haya nikiwa nimesoma barua yako mara sita.

Umeuliza hiyo nyingine yote ni ya nini. Kaa chini.

Ni ya Rose, aliyecheza Nyanjige. Rose anauza dagaa sokoni Kirumba. Aliacha meza yake siku kumi na nne, na aliporudi akakuta wateja wamehamia kwa jirani. Ni ya Ngosha, aliyeshika taa kwa kiganja kilichobabuka kwa sababu hatukuwa na stendi, akakataa kwenda zahanati mpaka jua lizame. Ni ya mvua iliyopiga bati siku mbili mfululizo hata hatukusikia neno moja, tukarudia yote upya, na chakula cha watu arobaini tukakipika upya. Ni ya mwenye mtumbwi aliyetutoza siku nzima kwa sababu siku hiyo hakuvua. Ni ya miezi mitatu niliyokaa mbele ya kompyuta ya kukodi, umeme ukikatika na kazi ya jana ikipotea.

Baada ya hayo inakuja stempu ya kodi, uchapishaji, mwenye duka, na Mzee Naushad. Usimwite Mhindi wangu. Baba yake aliuza kaseti mjini hapa kabla wewe hujaota ndevu. Yeye ndiye pekee aliyekubali kuchapisha nakala elfu mbili za mtu asiye na jina, wenzake wakinicheka. Akitoa mgawo wake, tunabaki sisi kumi na mmoja wenye filamu, tunagawana buku na kitu. Sasa fanya hesabu mwenyewe, nikiuza kwa bei yako tunagawana nini? Tunagawana kava.

Sidii ni mia tatu, ni kweli. Na karatasi uliyoniandikia barua ni shilingi ngapi? Mbona imeniuma zaidi ya bei yake?

Unajua Rose anaitwaje sokoni sasa? Nyanjige. Watu wanamzunguka, wanampiga picha, wanamwuliza, "Umecheza sinema, mbona bado unanuka dagaa?" Kila mtu ameiona. Naushad ameuza nakala mia mbili na kumi.

Kuhusu ada, umesema kweli. Nilikaa kwenye kreti lako na nikafumbuliwa macho kwa mali ya watu nisiowajua. Labda mahali fulani kuna Rose mwingine aliyenilipia shule bila kuambiwa. Lakini mimi nilikuwa mtoto, sikujua. Wewe unanijua mimi.

Acha, Mjomba. Acha mpaka mwisho wa mwezi huu. Usipoacha, wapo watu ambao kazi yao ni hii, na nitawaambia.

Mpwa wako,
Tereza


Sengerema
6 Aprili 2016

Tereza,

Leo sina salamu.

Walikuja jana saa nne asubuhi, wakaguzi watatu wa hakimiliki na askari wawili. Wamebeba mashine zote nne, televisheni, hata spika ambazo hazijachoma kitu. Mama Winnie alikuwa anakohoa mlangoni, wakamwomba apishe. Watu wamejaa barabarani kama gulioni. Nimepandishwa gari la polisi mbele ya watoto niliowafundisha kuvuka barabara.

Nimelala ndani siku moja, nimetoka kwa dhamana. Kesi ni Juni.

Mkaguzi mmoja alikuwa na karatasi mkononi. Ilikuwa na namba ya banda, saa ninazofungua, na mahali ninapoficha sidii, chini ya kitanda cha Winnie. Mchuuzi wa Busisi hajui kitanda cha Winnie.

Niambie si wewe.

Obedi


Mkuyuni, Mwanza
9 Aprili 2016

Kwa Mjomba,

Shikamoo.

Ni mimi.

Nilikupa mwezi. Mwisho wa Machi nilimtuma Ngosha aje banda lako kama mteja. Ulimwuzia Nyanjige kwa mkono wako, ukamwambia, "Hii kali, kaitengeneza mtoto wangu." Ulijisifia kwa mtoto wako huku unampora. Ngosha aliponisimulia nilienda ofisini kwa wakaguzi nikawaeleza kila kitu, na kitanda cha Winnie.

Nimeambiwa nitaitwa kutoa ushahidi. Nitakuja.

Tereza


Mkuyuni, Mwanza
18 Juni 2016

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma.

Kwa nini ulifanya vile? Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuja na Rose, nikavaa gauni lile lile la msiba wa mama, maana sina jingine la heshima. Nilikuwa na maneno yangu yote kichwani, na kile kiganja cha Ngosha kilichobabuka. Nilitaka hakimu aniulize, "Huyu ni nani kwako?" nami nijibu mbele ya watu wote wa Sengerema, ili aibu ikae panapostahili.

Karani hakuwa hata amemaliza kusoma shtaka, ukasema, "Ni kweli." Hakimu akakuuliza kama umeelewa. Ukasema tena, kwa sauti, "Ni kweli, mheshimiwa, ushahidi hauhitajiki." Nikabaki nimesimama na maneno yangu mdomoni.

Nje nikakuamkia, ukanipita.

Nasikia umeuza ng'ombe wawili kulipa faini, na mashine hazirudi. Nilidhani siku hiyo itanipoza, nikalale. Wiki ya pili sasa, silali. Uliniachia hasira yote niibebe mwenyewe.

Niambie kwa nini.

Mpwa wako,
Tereza


Sengerema
3 Agosti 2016

Kwa Tereza,

Marahaba. Hiyo ni ya Juni, nilikuwa na deni nayo. Mama Winnie ana nafuu, ametumia dawa mpya.

Umeuliza kwa nini. Wakili wa mtu mwingine, mwenye kesi ya wizi wa ng'ombe, aliniambia tukiwa tumekaa kwenye benchi: "Ukikataa kosa, yule binti atahojiwa. Nami ningekuwa wakili wako ningemwuliza nani alimlisha, nani alimsomesha, mpaka alie." Mimi nikamtazama mtoto wa dada yangu ndani ya gauni lile. Sikutaka mtu akuulize hayo. Ningeshinda kesi na ningeshinda kwa kukuvua nguo. Ndiyo maana nikasema ni kweli. Na ilikuwa kweli.

Usidhani nimekusamehe. Ulikuwa na miguu, ungekuja hapa ukanitukana mlangoni, ukavunja mashine moja. Ulipeleka kitanda cha mwanangu ofisini. Winnie hataki jina lako litajwe, nami simlazimishi.

Ila kuna jambo. Banda limebaki tupu, mabenchi yapo, na nimeazima televisheni kwa mtu wa kanisani. Kuna Jumamosi nilimsikia mama mmoja dukani akimwambia mwenzake: "Mimi ile filamu ya Nyanjige sikuiona mwisho, ilikatika." Elfu tano hana. Mia tano anayo. Na wapo wengi kama yeye, nimewahesabu kwa macho barabara nzima. Nikinunua sidii moja halali kwa Naushad, nikaionyesha kwa kiingilio, tukagawana nusu kwa nusu, je, sheria inaruhusu? Naambiwa hairuhusu bila karatasi ya mwenye filamu.

Basi nipe hiyo karatasi. Iwe na tarehe na sahihi, niibandike ukutani. Siku hizi siamini ndugu.

Obedi,
ambaye bado ni mjomba wako


Mkuyuni, Mwanza
10 Agosti 2016

Kwa Mjomba Obedi,

Shikamoo. Mwambie mama Winnie nimefurahi. Winnie usimwambie kitu, nitakuja kumwomba radhi mwenyewe, na akinifungia mlango nitakaa nje.

Mimi pia sijakusamehe, tusidanganyane. Juzi nilimsomea Rose barua yako. Alimalizia kupanga dagaa, halafu akasema, "Mwambie asikate majina." Ngosha anasema nusu kwa nusu ni nyingi kwako. Tumekubaliana, kwa kila shilingi mia, sitini zetu, arobaini zako. Usibishe.

Karatasi ni hii, ikate hapa uibandike:

RUHUSA. Mimi, Tereza Chenge, mtengenezaji wa filamu Zamu ya Nyanjige, namruhusu Bwana Obedi wa Sengerema kuionyesha filamu hiyo bandani kwake kila Jumamosi, kuanzia Agosti 20 hadi mwisho wa mwaka, kwa kiingilio cha shilingi mia tano, watoto mia mbili. Aionyeshe yote. Taa zisiwashwe wala mlango usifunguliwe mpaka jina la mwisho lipite. Ikikutwa nakala hata moja ya kuchoma, ruhusa hii imekufa siku hiyo hiyo na nitawarudia watu wale wale. Sahihi yangu ipo chini.

Jumamosi ya kwanza nitavuka na kivuko cha mchana, nikiwa na Rose. Usituwekee viti vya mbele. Tutapanga foleni na tutalipa kiingilio.

Tereza Chenge
mpwa wako