Simu Iliyoita Sebuleni

"Mfukuze." Mume wangu Royce ananiambia hivyo jikoni, meno kayauma. Hebu fikiria, Darlene, anataka nimfukuze Wendell.

Wendell yule yule aliyekaa benchi miaka yote ya chuo, mchezaji wa akiba wa Brantley wetu. Nilimwalika mwenyewe kwenye sherehe yetu, maana hakuna aliyetegemea timu yoyote itamtaka.

Unajua tulivyoahidiwa kuhusu siku hizi ambazo timu za kulipwa huchagua wachezaji wa vyuo na kuwapigia simu. Mrusha mpira bora nchini, atachaguliwa raundi ya kwanza. Leo ni raundi ya sita, na mwanangu bado yuko kwenye kochi na suti yake nyeupe, kamera ya televisheni usoni.

Basi simu ikaita. Shangazi zake wakasimama, wameshaanza kulia. Brantley akatazama simu yake. Siyo iliyokuwa ikiita.

Ilikuwa ya Wendell. Wendell, mwenzangu, na sahani ya mbavu nilizochoma mimi mapajani. "Ndiyo, kocha. Asante, kocha."

Brantley akamwambia mbele ya kamera, "Wamekosea namba. Wewe kazi yako ilikuwa kunishikia taulo."

Watu wakacheka. Royce alicheka kuliko wote. Wendell naye akajaribu kucheka, na hapo ndipo nilipoishiwa uvumilivu.

Nikamvuta Royce jikoni. "Huyu mtoto kakukosea nini?"

"Anamwaibisha mwanangu."

"Mwanao anajiaibisha mwenyewe, na huo mdomo kaurithi kwako."

"Basi chagua, Paulette. Yeye au mwanao."

Nikachukua kisu, nikaenda sebuleni, nikakwangua jina la Brantley kwenye keki yake ya pongezi, wageni wote wakiangalia. Nikamwambia Wendell atangulie garini, nikaibeba keki nikamfuata.

Tuko kwa mama yake sasa. Tunaikata.