Baba Ameiona Picha

Jumapili, Ipogolo

Baba anakuja kesho, na simu yake haipatikani.

Ni ile picha. Jana rafiki yangu Rehema alinipiga picha kwenye mawe makubwa nje ya mji, nimejigeuza bibi harusi wa gemu tunalocheza kwenye simu: gauni la kukodi, wigi la zambarau, upanga wa boksi niliouhangaikia wiki nzima. Halafu akarusha mtandaoni moja tu, ambamo wigi limefunikwa na shela na upanga hauonekani kabisa. Kaka yake Rehema amesimama pembeni yangu akiwa na suti, eti ndiye bwana harusi.

Binamu yangu akamwonyesha baba huko Usangu. Mchana baba akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Picha nimeiona. Kesho nakuja." Akakata.

Nilipompigia tena, simu haikupatikana. Baba akikasirika hagombi, ananyamaza miezi. Nina miaka thelathini na sita. Alishaacha kuniuliza habari za kuolewa, nikadhani ameshazoea.

Jioni nikampata mama. Nikamuuliza kama baba ana hasira sana.

"Hasira za nini? Amepiga pasi suti yake, na majirani wote ameshawaambia umepata mume. Tangu aione hiyo picha anaimba, mwanangu. Sijamsikia akiimba tangu kaka yako afariki."

Nilitaka kumwambia ukweli. Nikasema tu, "Haya, mama."

Hasira yake ningeivumilia. Hili sijui nitamwambiaje, na basi lake linafika kesho saa nane.